Guido Akigongwa na Basi: Historia ya Mikutano ya Python Hadi Unguja na Arusha

Katikati ya mwaka 1994, Michael McLay, mtaalamu wa taasisi ya viwango na teknolojia ya Serikali ya Marekani, aliwaandikia wenzake waliokuwa wakitumia lugha changa ya kompyuta iitwayo Python. Swali lake lilikuwa fupi: Guido akigongwa na basi, itakuwaje? Guido huyo ni Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanza kuibuni lugha hiyo wakati wa Krismasi ya 1989 akiwa mfanyakazi wa CWI, kituo cha utafiti wa hisabati na kompyuta mjini Amsterdam, akaitoa hadharani Februari 1991. Miaka mitatu baadaye watu wa nchi mbalimbali walikuwa wameshaanza kuitegemea katika kazi zao, na maamuzi yote bado yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Jibu la kwanza lilikuwa kukutana. Tarehe 1 hadi 3 Novemba 1994, watu wapatao 20 walikaa pamoja Gaithersburg, jimbo la Maryland, kwenye majengo ya taasisi hiyohiyo ya viwango, na Guido mwenyewe akasafiri kutoka Uholanzi kwenda kuonana nao. Huo ndio mkutano wa kwanza wa Python duniani. Mikutano yote iliyofuata, pamoja na ile miwili ya Django, mfumo uliojengwa kwa Python, iliyofanyika Tanzania, ni vitukuu vya siku tatu hizo.

Nimelianza simulizi kwa swali la basi kwa sababu ninayoijua vizuri, kwa vile naishi Kigoma. Huku kwetu mtu hahitaji kugongwa na kitu chochote ili kazi isimame. Inatosha apate ajira Dar es Salaam au Dodoma. Kijana anayejua kuandika programu, ambaye wenzake watatu au wanne walikuwa wakimpigia simu kila wanapokwama, anapanda treni siku moja na elimu yote ya kikundi inaondoka ndani ya behewa moja. Kwa hiyo ninapoisoma historia ya jumuiya hii, macho yangu yako kwenye jambo moja kuliko mengine: walifanya nini ili kitu kisimtegemee mtu mmoja?

Walifanya mambo mawili, na yalichukua muda mrefu. La kwanza, mwaka 2001 waliunda chombo, Python Software Foundation, maarufu kwa kifupi chake PSF. Chombo hicho hakitengenezi faida, kinashikilia haki za kisheria za lugha, kinapokea michango, na kimekuwa kikitoa ruzuku kwa wanaotaka kuandaa mikutano kwao. La pili, walikwenda kwenye mkutano wa mwaka ulioendeshwa na watu wa kujitolea. PyCon ya kwanza ilifanyika Washington mwezi Machi 2003, kwenye Chuo Kikuu cha George Washington. Kabla ya hapo kulikuwa na makongamano ya Python ya kibiashara, yenye viingilio ambavyo mwanafunzi asingevimudu. PyCon ikaja kama mkutano wa bei nafuu, ulioandaliwa na watumiaji wenyewe, na tangu hapo jina hilo limechukuliwa na nchi moja baada ya nyingine.

Jaribio lenyewe lilikuja Julai 2018. Baada ya mabishano makali juu ya badiliko dogo katika sarufi ya lugha, Guido alitangaza kwamba anaiacha nafasi ya mwamuzi wa mwisho, nafasi ambayo wenzake kwa utani wa mapenzi walikuwa wakiiita ya dikteta mwema wa maisha. Hakumteua mrithi. Wale waliobaki walijadiliana kwa miezi kadhaa namna ya kujiongoza, wakapiga kura, na mwanzoni mwa 2019 likachaguliwa baraza la watu watano, Guido akiwa mmoja wao na mwenye kura moja kama wengine. Baadaye aliondoka hata barazani. Lugha haikutetereka: toleo jipya limekuwa likitoka kila Oktoba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini uhunzi ule ulikuwa umeandaliwa kwa robo karne, kuanzia chumba kile cha Gaithersburg.

Afrika iliingia kwenye msururu huu wa mikutano kupitia kusini. PyCon ya Afrika Kusini ilianza 2012 mjini Cape Town. Februari 2015 Windhoek ikafuata, Chuo Kikuu cha Namibia kikishirikiana na watu wa Cardiff, Wales. Harare ilipata yake 2016, Nigeria 2017, Ghana 2018. Kila moja ilianza kwa watu wachache walioamua kukodi ukumbi, na kila moja ililea waandaaji waliokwenda kusaidia iliyofuata. Ndiyo maana Agosti 2019, PyCon ya kwanza ya bara zima ilipofanyika Accra, kwenye Chuo Kikuu cha Ghana, mwenyekiti wake alikuwa Marlene Mhangami kutoka Zimbabwe. Mwaka uliofuata Korona iliuhamishia mkutano mtandaoni. Ulirudi Accra Septemba 2024, kisha ukaenda Johannesburg Oktoba 2025.

Hapa inabidi nimwingize ndugu mdogo wa Python, kwa kuwa yeye ndiye aliyefika kwetu. Mwaka 2003, kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza kurasa za mtandao kwa kasi ya gazeti. Mhariri akiomba kitu asubuhi, kinatakiwa kiwe hewani jioni. Walichoka kuandika mambo yaleyale upya, wakakusanya vipande vya msimbo vinavyojirudia katika kila tovuti, wakavitengeneza kuwa mfumo mmoja kwa Python, wakauita Django kumkumbuka mpiga gitaa wa jazi, Django Reinhardt. Julai 2005 mfumo huo ulitolewa bure kwa yeyote. Mwaka 2008 ukapata taasisi yake, Django Software Foundation, na mkutano wake, DjangoCon. Nami kama mtu wa magazeti nafurahi kwamba chombo kinachoendesha tovuti nyingi duniani kilizaliwa kwenye gazeti la mji usio mkubwa, mbali na miji mikuu ya nchi yake.

Kisha likaja jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii. Julai 2014 mjini Berlin, wanawake wawili wa Kipolandi, Ola Sitarska na Ola Sendecka, waliandaa warsha ya siku moja kwa wanawake ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Waliiita Django Girls. Waliandika kitabu cha mafunzo, wakakiweka bure, pamoja na mwongozo wa namna ya kuandaa warsha kama hiyo popote: barua za kuomba ukumbi, orodha ya vitu vya kununua, namna ya kuwapata wakufunzi. Walichofanya, kwa lugha ya McLay, ni kuliandikia jibu swali la basi kabla basi halijatokea. Yeyote anayepata mwongozo ule anaweza kuanza, na wao wawili wasipokuwepo, warsha itafanyika. Imefanyika mamia ya mara, katika nchi nyingi, kwetu Tanzania ikiwemo.

Nieleze inavyokwenda, maana uzuri wake umo katika mambo madogo. Washiriki hukaa mezani watatu watatu, kila meza na mkufunzi wake. Asubuhi wanaweka Python kwenye laptopu. Kisha wanafungua dirisha jeusi la amri ambalo wengi huliogopa, wanaandika mistari michache, na mwishowe wanaandika amri ya kuwasha seva ndogo iliyomo ndani ya mashine yao. Wakifungua kivinjari na kuandika anwani ya 127.0.0.1, mlango wa 8000, wanaona roketi ya rangi ikipaa na ujumbe kwamba usanikishaji umefaulu. Kuanzia hapo wanajenga tovuti ndogo ya kuandikia makala zao, na kabla ya jua kuzama wanaipandisha kwenye seva ya nje, ili mama au kaka aliyeko mkoani aifungue kwenye simu.

Katikati ya siku hiyo kosa moja hutokea karibu kila meza. Python haitumii mabano kuonesha kipi kimo ndani ya kipi. Inatumia nafasi mwanzoni mwa mstari, na desturi ni nafasi nne. Mshiriki anaandika sharti lake, anabonyeza kuteremka, mstari unaofuata anauanza ukingoni kabisa au anaweka nafasi tatu pale alipoweka nne awali. Kompyuta inakataa na kuandika IndentationError kwa Kiingereza. Aliye peke yake nyumbani atasoma mistari yote ya onyo lile bila kujua kwamba tatizo ni nafasi moja asiyoiona kwa macho. Atafuta, ataandika upya, atakosea palepale, bando litakwisha, na siku ya pili hatafungua tena. Mkufunzi wa meza ya watu watatu ananyoosha kidole kwenye kioo na kusema, "Dada, hebu sogeza huo mstari ulingane na wa juu." Sekunde kumi, kazi inaendelea. Nimewahi kuwasikia watu wenye nafasi zao wakidai kwamba siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, kwa hiyo mikutano ya ana kwa ana ni anasa. Hawakuwahi kukaa peke yao na nafasi moja isiyoonekana.

Tanzania ilihitaji mengine kabla ya kuwa mwenyeji wa mikutano ya namna hii. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na mwaka huohuo Serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL. Mwaka 2011 kikafunguliwa kituo cha ubunifu cha Buni ndani ya jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Kijitonyama. Kwa mara ya kwanza vijana wa programu wa Dar walikuwa na mahali penye meza, umeme na intaneti pa kukutania bila kununua soda kwanza. Baadaye wapenzi wa Python nchini wakawa na mkutano wao, PyCon Tanzania.

Tarehe 6 hadi 11 Novemba 2023, DjangoCon ya kwanza ya Afrika ilifanyika Zanzibar. Mikutano ya Django ilikuwa imefanyika Marekani kwa miaka 15, Ulaya kwa miaka 14, na Australia kwa miaka kadhaa, kabla ya bara letu kupata zamu. Miongoni mwa walioipigania Afrika ndani ya taasisi ile yumo Anna Makarudze wa Zimbabwe, aliyefanya kazi na Django Girls na kuwahi kuwa rais wa Django Software Foundation. Ukiangalia orodha ya nchi za walioubeba mkutano ule, utawaona haohao waliopikika Harare na Accra: wamesaidiana tangu PyCon za kwanza, na sasa walikuwa wamefika Unguja.

Historia isiyotaja ugomvi si historia. Desemba 2023, waandaaji wa jumuiya kadhaa za Python barani waliiandikia PSF barua ya wazi, wakilalamikia namna ombi la ruzuku la mkutano wa Zanzibar lilivyoshughulikiwa. PSF ilijibu hadharani, na mwaka 2024 ikaanzisha saa maalumu za kila mwezi ambapo mwombaji ruzuku aliweza kuzungumza moja kwa moja na wahusika. Naona barua ile ni sehemu ya heshima ya historia hii. Miaka kumi kabla, Afrika isingekuwa na waandaaji wengi kiasi cha kuandika barua ya pamoja na kusikilizwa.

Mkutano wa pili wa Django wa Afrika uliletwa Tanzania Bara. Ulifanyika Arusha tarehe 11 hadi 15 Agosti 2025. Mara mbili mfululizo, kati ya nchi zote za Afrika, mkutano huu umekuwa wa Tanzania, na hilo ni la kujivunia.

Kutoka Arusha hadi huku ziwani ni safari ya kuvuka nchi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi baada ya hapo vingi vilivyoitwa vya kitaifa vilichelewa njiani. Umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli mpaka miaka hii ya 2020 mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Mkongo wa Taifa nao umefika, na kwa upande wa Manyovu unaelekea Burundi. Kwa hiyo sababu za zamani za kusema Kigoma ingoje zimepungua sana.

Wala programu si ngeni hapa. Taarifa za zahanati na vituo vya afya vya mkoa huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wenye asili yake katika ushirikiano wa Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo miaka ya 1990, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufanyia kazi kwa muda mrefu. Kwenye vijiji vinavyopakana na misitu, kuanzia ukanda wa Gombe ambako Jane Goodall alifika Julai 1960, Taasisi ya Jane Goodall imewapa walinzi wa misitu simu zenye Open Data Kit, chombo huria kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Washington. Mlinzi wa kijiji akikuta mti umekatwa au mtego umetegwa, anapiga picha, anajaza fomu, simu inahifadhi mahali alipo kwa setilaiti, na akifika penye mtandao taarifa inakwenda. Mtu huyo hajawahi kuitwa mtaalamu wa kompyuta, lakini anajua ni swali gani kwenye fomu halijibiki porini na ni wapi programu humpotezea muda. Kwenye mkutano wowote wa watunga programu ningependa asikilizwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na Kigoma ina historia yake ya namna lugha inavyofika mahali. Burton na Speke walipofika ziwani Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshaizoea Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Biashara yenyewe ilikuwa na unyama mkubwa: watu waliuzwa pamoja na pembe za ndovu, na hakuna uzuri wa lugha unaoweza kufuta hilo. Lakini Kiswahili kilifika Ujiji bila shule wala kitabu cha sarufi. Kilibebwa na wapagazi, wake zao, wachuuzi wa chumvi na samaki, watu waliolazimika kuelewana sokoni siku hiyohiyo, na aliyekosea alisahihishwa na jirani yake papo hapo. Kutoka hapo kilivuka maji hadi Manyema. Leo utakisikia Kalemie na Uvira, na ukiingia mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura utadhani hujavuka mpaka.

Jiografia hiyo ndiyo inayonifanya niamini Kigoma inafaa kuwa na mkutano wake kwa haki yake, bila kungoja mabaki ya Dar. Hakuna mji mwingine wa Tanzania ulio karibu hivi na Waswahili wa Burundi na wa mashariki ya Kongo kwa wakati mmoja. Vijana wa Bujumbura na Uvira wanaojifunza Python kwa vitabu vya Kifaransa au Kiingereza wangeweza kuelezwa kwa Kiswahili, na mkufunzi wa Kigoma asingehitaji mkalimani. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina tawi hapa, VETA ipo, kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI kipo, na watafiti wake wana takwimu za ziwa ambazo ni chakula kizuri kwa mtu anayejifunza kuchambua data kwa Python. Ukipima samaki wa kutosha utahitaji lugha ya namna hii, upende usipende.

Tuanzie wapi? Mwongozo wa Django Girls uko bure. Unahitaji chumba kimoja, umeme wa siku nzima, intaneti inayotosha laptopu kumi, na wakufunzi watatu ambao si lazima wawe mabingwa. Aliyemaliza warsha ya kwanza anaweza kufundisha ya pili. Ruzuku zikipatikana, taratibu za kuziomba zimekuwa wazi kuliko zilivyokuwa 2023. Ningeongeza sharti moja tu, lisilo kwenye mwongozo wowote: tangu siku ya kwanza uandaaji ushikwe na watu wawili au watatu wanaokijua kila kitu kwa pamoja, kuanzia neno la siri la barua pepe ya kikundi hadi namba ya mwenye ukumbi, na mwakani mmoja wao ampishe mwingine. Treni ya kwenda Dar itaendelea kuwachukua vijana wetu, nao wana haki ya kupanda. Atakayeondoka aache funguo mezani na jina la anayemfuata limeshaandikwa.